Umri Umeandikwa, Jina Halipo

Mwanzoni mwa mwaka 1521 Albrecht Dürer, fundi wa Nuremberg aliyekuwa safarini Antwerp, alimkalisha mzee mmoja mbele yake akamchora kwa brashi. Karatasi ilikuwa imepakwa rangi ya kijivu inayoelekea zambarau. Weusi ulichimba vivuli, na weupe ukatiwa unywele kwa unywele pale mwanga ulipoangukia ndevu. Mzee ameegemeza kichwa kwenye kiganja, kope zimelegea, kofia imeshuka hadi kwenye paji la uso. Dürer akaandika juu ya mchoro kwamba mtu huyu ana umri wa miaka 93 na bado ana afya na nguvu zake. Katika daftari lake la safari, ambamo aliandika hata pesa alizopoteza kwenye kamari, upo ujira wa stuiver 3 kwa mtu aliyemchora, ujira ambao kwa kawaida huhusishwa na mzee huyu. Jina lake Dürer hakuliandika.

Mchoro ule ulifanyiwa kazi haraka. Mzee akageuzwa Mtakatifu Jerome, akawekewa kitabu na fuvu, na picha hiyo ya rangi Dürer akamzawadia Rodrigo Fernandes d'Almada, mwakilishi wa wafanyabiashara wa Kireno pale Antwerp. Leo ipo Lisbon. Karakana za mji huo, ikiwamo ya Joos van Cleve, ziliiga na kuiga tena, mpaka uso wa mzee asiye na jina ukaenea katika nyumba ambazo yeye mwenyewe asingekaribishwa. Lucas van Leyden, kijana hodari wa Leiden, alikutana na Dürer Antwerp mwezi Juni mwaka huohuo, naye akachora Jerome wake. Antwerp siku hizi ni Ubelgiji, na Dürer alikuwa Mjerumani, lakini wakati ule Antwerp na Leiden zote zilikuwa chini ya mfalme mmoja, na mafundi walipita huku na huku wapendavyo.

Naanza na Mjerumani katika habari ya Waholanzi kwa sababu karatasi yake inazua swali litakalotufuata karne tatu na nusu: mbele ya uso wa mzee, mchoraji ameandika nini? Ameandika umri, ameandika jina, ameandika namba, au ameacha pakavu? Ninavyoona mimi, hapo ndipo panapofahamika mzee yule alikuwa nani kwa aliyemchora, kuliko kwenye makunyanzi, ambayo fundi yeyote mwenye jicho zuri anaweza kuyahesabu.

Ni michoro inayojibu swali hilo, wala si picha za rangi ya mafuta. Picha ya mafuta iliagizwa. Aliyelipa alisema avae nini na mikono yake ikae vipi, na wazee waliochorwa hivyo walikuwa wazee wenye mali, na umri wao uliandikwa pembeni kwa Kilatini kama hati ya heshima. Mchoro ulihitaji kipande cha chaki, karatasi na mtu aliyekubali kutulia. Wazee walikuwa na kitu ambacho vijana wa mjini hawakuwa nacho, yaani nafasi. Ndiyo maana katika makabrasha ya michoro ya Uholanzi wazee wamejaa kupita kiasi, na wengi wao hawakumlipa mtu chochote. Wao ndio waliolipwa.

Mawazo ya watu juu ya uzee nayo yalikuwa yameshapangwa. Chapa za bei nafuu zilizotundikwa majumbani zilionyesha ngazi ya maisha: mtu anapanda kidato kimoja kila miaka kumi, anafika kileleni akiwa na 50, kisha anashuka upande wa pili, mgongo ukizidi kupinda, hadi 100 ambapo kaburi linamngoja. Mzee katika ngazi ile hana sura ya peke yake. Ni kidato tu.

Hendrick Goltzius wa Haarlem alikuwa mmoja wa waliowavua watu kidato hicho. Akiwa mtoto mchanga aliungua mikono, na mkono wa kulia ukabaki umekunjamana. Mwaka 1588 aliuchora mkono huo kwa wino, mishipa na vidole vilivyojikunja, na mchoro upo Teylers Museum, Haarlem. Mtu aliyeweza kuutazama ulemavu wake kwa utulivu namna ile asingeogopa ngozi ya mzee. Mwishoni mwa 1590 alifunga safari ya Italia, na Karel van Mander, aliyeandika maisha ya wachoraji mwaka 1604, anasimulia kwamba alisafiri kwa kujificha: mtumishi wake akajifanya bwana, yeye akajifanya mtumishi, na mahali pengine akasema ni mfanyabiashara wa jibini. Kisa hiki kinanifurahisha kila nikikisoma, ila faida yake ni michoro. Njiani Goltzius aliwachora wasanii wenzake kwa chaki za rangi. Mmoja wao ni Giambologna, mchongaji mzaliwa wa Douai aliyekuwa amezeekea Florence, mwenye miaka kama 62 mwaka 1591. Chaki nyekundu imeleta damu mashavuni, nyeusi imeshika nywele na nguo. Hakuna fuvu wala kitabu cha mtakatifu. Ni mtu mzima mwenye kazi yake, anayejulikana kwa jina, na uzee wake ni sehemu ya cheo chake. Goltzius alifanya hivyohivyo kwa mwalimu wake, Dirck Volckertszoon Coornhert, aliyefariki mwaka 1590 akiwa na miaka 68: alimchonga kwenye bamba la shaba kwa heshima ya mwanafunzi anayejua alichopewa.

Sasa tuingie Leiden, kwenye nyumba ya msagaji.

Rembrandt alizaliwa mwaka 1606. Baba yake, Harmen Gerritszoon van Rijn, alikuwa na sehemu katika kinu cha upepo kando ya mto Rhine. Alizikwa mwezi Aprili 1630. Katika jumba la Ashmolean, Oxford, kuna karatasi ndogo yenye mzee aliyechorwa kwa chaki nyekundu na nyeusi, pamoja na rangi ya kahawia iliyotandazwa kwa brashi. Amevaa kofia. Mabega yameshuka. Macho yake hayatutazami. Kope zimefungwa, au zinaelekea kufungwa. Chini yake limeandikwa jina la Harmen kwa herufi kubwa. Kwa mara moja tu katika kundi zima la wazee wa Rembrandt wa Leiden, jina lipo, na ni jina la baba.

Wataalamu wamebishana juu ya macho hayo. Wapo wanaosema Harmen alikuwa amepofuka, na kwamba ndiyo sababu Rembrandt alirudia tena na tena kisa cha Tobiti, mzee kipofu aliyeponywa na mwanawe. Nadharia hiyo inavutia, pengine inavutia mno. Mzee mgonjwa mwenye miezi michache ya kuishi anaweza kufumba macho kwa uchovu tu, na kijana wa miaka 23 akamwacha alale huku mkono wake ukiendelea kufanya kazi. Tusichoweza kukwepa ni kwamba karatasi imetulia. Mistari ni michache kwenye nguo, mingi kwenye uso, na kivuli cha kahawia upande mmoja kinamfanya mzee aonekane kama anarudi nyuma, kuingia gizani.

Mama yake, Neeltgen, aliyeishi hadi 1640, alichorwa kwa sindano juu ya shaba. Chapa mbili za mwaka 1628 zinamwonyesha bibi mwenye midomo iliyoingia ndani kwa kukosa meno. Moja ina upana wa sentimita kama sita tu, pungufu ya kiganja cha mtoto. Rembrandt hakuandika kwamba huyu ni mama. Jina hilo linatoka kwingine: mwaka 1679, mali za mwuza chapa Clement de Jonghe wa Amsterdam zilipoorodheshwa, bamba moja liliitwa mama yake Rembrandt. Ushahidi wa miaka 51 baadaye, kutoka kwa mfanyabiashara, na juu yake vizazi vya wapenzi wa sanaa wamejenga familia nzima, wakimwona mama katika kila bibi na baba katika kila mzee mwenye upara.

Yupo mzee wa tatu, na huyu ndiye mwenye nguvu kuliko wote wawili. Ana ndevu ndefu nyeupe na paji pana. Mwaka 1630 na 1631 Rembrandt alimchora mara kadhaa kwa chaki nyekundu, ameketi kwenye kiti cha mikono, akatia alama yake na tarehe. Chaki nyekundu ni udongo wenye chuma. Ukiikandamiza inatoa mstari mzito wa damu iliyoganda, ukiilegeza inaacha vumbi linaloruhusu karatasi kupumua. Rembrandt aliutumia uwezo huo wote kwenye kichwa kimoja. Upara wa mzee ni karatasi tupu. Kwenye mboni chaki imekandamizwa, na ndevu zimeachwa zielee. Mzee huyohuyo wengi humtambua katika picha ya nabii Yeremia akiililia Yerusalemu, ya mwaka 1630, iliyopo Rijksmuseum. Alikuwa mtu wa kukodiwa, leo nabii, kesho mtume. Waholanzi walikuwa na soko la sura za namna hiyo, wakiziita tronie, na mnunuzi hakutaka kujua ni sura ya nani. Jan Lievens, rafiki na mshindani wa Rembrandt, aliwatumia wazee wa Leiden vivyo hivyo, na Constantijn Huygens, katibu wa mtawala, alipowatembelea vijana hao wawili alishangaa kuona akili kubwa kiasi kile ndani ya watoto wa msagaji na mtarizi.

Baada ya kuhamia Amsterdam, Rembrandt alipata mzee mwenye jina. Jan Cornelisz Sylvius alikuwa mhubiri, mume wa binamu wa Saskia, mke wa Rembrandt, na mwaka 1635 alikuwapo kwenye ubatizo wa mtoto wao wa kwanza. Alifariki mwaka 1638. Miaka minane baadaye, mwaka 1646, Rembrandt alimtengenezea chapa, na kwenye mchoro wa matayarisho uliopo British Museum tunaona wazo likizaliwa: mhubiri yumo ndani ya fremu yenye umbo la yai, lakini mkono wake unatoka nje ya fremu, kana kwamba mahubiri hayajaisha. Kwenye chapa yenyewe mkono na uso vinatupa kivuli juu ya ukingo wa fremu. Marehemu anatupa kivuli! Mistari ya kalamu kwenye mchoro ni ya haraka, karibu ya fujo, kwa sababu hakukuwa na mtu aliyeketi mbele yake. Alikuwa akimchora mzee wa ukoo kutoka kichwani mwake.

Wengine niwapite kwa haraka. Cornelis Visscher wa Haarlem, aliyefariki mwaka 1658 hata kabla ya kufika miaka 30, alichora kwa chaki nyeusi juu ya ngozi ya ndama, michoro iliyokamilika kiasi cha kutundikwa ukutani, na chapa yake ya mhubiri mzee wa Zutphen, Gellius de Bouma, iligombewa baadaye na wakusanyaji kwa ajili ya ndevu zake. Moses ter Borch wa Zwolle alijichora mwenyewe, akachora ndugu, akachora vichwa vya wazee, kisha akafa vitani Uingereza mwaka 1667 akiwa na miaka 22. Frans Hals, aliyeishi kupita miaka 80 na mjini kwake akapewa posho ya gilda 200 kwa mwaka kuanzia 1664, hakutuachia mchoro hata mmoja ambao wataalamu wote wanakubali ni wake. Ni hasara kubwa. Mtu aliyewapaka rangi wasimamizi wa nyumba ya wazee wa Haarlem kwa jicho lile, angefanya nini akiwa na chaki mbele ya wazee wenyewe?

Joost van den Vondel ndiye mzee aliyechorwa kwa mapenzi kuliko wote. Alizaliwa Köln mwaka 1587 kwa wazazi Wamenoniti waliokimbia Antwerp, akauza soksi Amsterdam katika mtaa wa Warmoesstraat, na usiku akaandika tamthilia. Kazi yake ndiyo iliyofungua jumba jipya la michezo la mji huo mwezi Januari 1638. Kisha akawa Mkatoliki katika mji wa Waprotestanti, na mwaka 1654 tamthilia yake juu ya Lusifa ikapigwa marufuku baada ya kuonyeshwa mara mbili. Mapigo mazito zaidi yalitoka nyumbani. Mwanawe aliifilisi biashara ya soksi, akapelekwa kwenye makoloni ya mashariki, akafia njiani. Mwaka 1658, akiwa na miaka 70, mshairi mkubwa wa Uholanzi akaajiriwa kama karani katika nyumba ya rehani ya mji kwa gilda 650 kwa mwaka, akiandika makoti na vijiko vya fedha vya maskini kwenye daftari. Alikaa pale miaka kumi, mji ukamwachisha kazi bila kumpunguzia mshahara.

Philips Koninck alikuwa rafiki wa mzee huyu. Leo anasifiwa kwa picha za tambarare pana zenye mawingu, na riziki yake nyingine ilikuwa mashua za abiria. Alimpaka Vondel rangi na kumchora mara kadhaa uzeeni, na Vondel naye akatunga beti kwa ajili ya picha za Koninck. Vondel anayeonekana katika michoro hiyo si mfano wa hekima. Ni mzee mdogo wa mwili, amevaa kofia ya ndani, amejikunyata ndani ya nguo nzito. Baridi ilimtesa kweli. Akiwa amepita miaka 90 alitania kwamba kwenye kaburi lake waandike kwamba ameuawa na baridi. Alifariki tarehe 5 Februari 1679, na washairi na wapenzi wa ushairi 14 wakalibeba jeneza lake hadi Nieuwe Kerk.

Pima umbali uliopo kati ya Vondel na mzee wa chaki nyekundu. Vondel alirudiwa kuchorwa ili asipotee. Mzee wa Leiden alirudiwa kuchorwa kwa sababu ndevu zake zilifaa kazi. Macho yetu hayawezi kutenganisha mapenzi na matumizi kwa kutazama mistari peke yake, na hilo linapaswa kumpunguzia mtazamaji haraka ya kutokwa na machozi.

Karne ya 18 ilipendelea poda na mawigi. Ilichofanya kwa bidii ni kuwauza wazee wa karne iliyotangulia: Cornelis Ploos van Amstel, mfanyabiashara wa mbao wa Amsterdam, alibuni namna ya kutoa chapa zilizofanana na michoro ya chaki na wino, na kwa njia hiyo nyuso za kale zikaingia katika makabrasha ya watu wasiokuwa na uwezo wa kununua mchoro wenyewe.

Ndipo inakuja vuli ya 1882, The Hague. Vincent van Gogh, miaka 29, anaishi mtaa wa Schenkweg na Sien Hoornik na watoto wawili wa Sien kwa pesa anazotumiwa na kaka mdogo, Theo. Hajauza kitu cha maana. Anakusanya kurasa za majarida ya picha ya Kiingereza, na anamhusudu Hubert von Herkomer, ambaye mwaka 1871 alichapisha katika The Graphic picha ya askari wazee wakiwa kanisani katika hospitali ya Chelsea. Van Gogh anataka wazee wake mwenyewe, naye anawapata kwenye nyumba ya wazee ya kanisa la Kiprotestanti.

Aliyempendeza zaidi alikuwa na upara, masikio makubwa yasiyosikia vizuri, na sharafa nyeupe zilizojaa mashavuni. Alikuwa na miaka 72. Wakazi wa nyumba ile walivaa namba kwenye mkono wa koti, na katika baadhi ya michoro van Gogh ameiandika namba hiyo kama ilivyo: 199. Umri haupo, na jina halipo. Mzee alikuja kwenye chumba cha Schenkweg tena na tena, akachorwa na mwavuli, akinywa kahawa, akisali kabla ya chakula, mara na nishani yake kifuani, kwa kuwa alipata kuwa askari. Watafiti wa baadaye walimtambua: ni Adrianus Jacobus Zuyderland, na alikaa kwa ajili ya michoro isiyopungua 40.

Mwezi Novemba van Gogh alimketisha kwenye kiti cha mbao cha jikoni, viwiko juu ya magoti, uso umefichwa kwenye viganja. Pozi hilo alikuwa amelijaribu mwaka uliotangulia kijijini Etten na mzee mwingine. Mchoro wa The Hague umefanywa kwa penseli nene ya seremala juu ya karatasi ngumu iliyotengenezwa kwa ajili ya rangi za maji. Penseli hung'aa ukiikandamiza, naye hakupenda mng'ao huo, basi aliimwagia karatasi mchanganyiko wa maji na maziwa, weusi ukawa mzito na usioakisi mwanga. Suti ya mzee imetiwa viraka. Uso hauonekani kabisa. Huu ndio mchoro wa uzee unaojulikana kuliko wote wa Uholanzi, na ndani yake hakuna uso! Kilichobaki ni upara, mikono na namna nguo inavyokaa juu ya mgongo uliokonda. Van Gogh akauita kwa Kiingereza Worn Out, akiwa na matumaini kwamba majarida ya London yangemwajiri. Hayakumwajiri. Akauchora upya kwa chaki ya litografia, ukahamishiwa kwenye jiwe, na nakala moja akaiandika, tena kwa Kiingereza, At Eternity's Gate. Kwa Theo aliandika kwamba katika mzee wa namna hii aliona dalili ya kitu kisichoweza kuishia kuwa chakula cha funza. Mwezi Mei 1890, akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Saint-Rémy, aliichukua chapa hiyo akaipaka rangi, mzee akavishwa buluu.

Mwezi Septemba 2021 jumba la makumbusho la Van Gogh Museum, Amsterdam, lilitundika mchoro ambao haukujulikana kuwapo, uliokaa katika familia moja ya Kiholanzi tangu mwaka 1910 hivi. Ni mzee yuleyule, kiti kilekile, hatua moja kabla ya Worn Out. Wataalamu walipougeuza walikuta pembe za nyuma zimechubuka: van Gogh alikuwa na desturi ya kubandika karatasi zake kwenye ubao kwa wanga ili zisisogee anapokandamiza penseli, na wakati wa kubandua pembe zilikwanyuka. Alama hizo zilisaidia kuthibitisha kwamba mkono ni wake, na Zuyderland akatajwa kwa jina kamili katika taarifa iliyotolewa kwa magazeti.